Nyumba ya Riat: shajara ya picha, pointi 18 na mlango mmoja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepanda Riat, kilimani juu ya Kisumu, asubuhi kuiona nyumba. Vyumba vinne vya kulala, ghorofa moja, roshani inayotazama kusini, na huko chini Ziwa Victoria limelala kama sahani ya bati. Ajenti alikuwa ameshanieleza kwa simu kwamba nyumba iko sokoni tangu Septemba, watu kumi na mmoja wamekuja kuitazama, na hakuna hata mmoja aliyerudi mara ya pili. Nikamwomba picha zilizokuwa zikitumika. Alinitumia kwa WhatsApp, na kabla sijamaliza kuzifungua nilishaujua ugonjwa.

Zilipigwa kwa simu, kwa ile lenzi pana kabisa, mpigaji akiwa amejibana kwenye kona na simu ameinyanyua juu ya kichwa. Sebule inaonekana kama ukumbi wa harusi. Friji limevutika hadi likafanana na kabati la nguo lililolewa. Chumba cha nne, ambacho leo nimekipima kwa tepu nikapata mita 2.9 kwa 3.1, kwenye picha unaweza kukichezea mpira. Sasa mtu anatoka Siaya au Nairobi na picha hiyo kichwani, anafungua mlango, anakutana na chumba cha kawaida kisicho na kosa lolote, na anajiona ameibiwa. Aliyemdanganya ni picha, lakini hasira anaimalizia kwenye nyumba.

Tumekubaliana: picha 25, ziara ya mtandaoni ya nyumba nzima (mtu anapita chumba hadi chumba kwa kugusa mishale kwenye simu), na ramani ya sakafu yenye vipimo. Nusu ya malipo sasa, nusu kazi ikiisha.

Mwenye nyumba ni Mama, mjane, mwalimu mstaafu, watoto wake wote wako nje. Nilijitia adabu nikampa pole kwa kuuza nyumbani kwake. Akanisahihisha palepale, sauti ya darasani: "Hii ni nyumba, mwanangu. Siyo dala. Dala haiuzwi." Dala kwa Kijaluo ni boma la familia. Alinizungusha vyumba vyote isipokuwa kimoja mwisho wa korido ya juu, akasema ni stoo ya vitu vya Mzee, ufunguo hajui uko wapi. Nikaandika "stoo" kwenye mchoro wangu nikaendelea.

Jumanne, 4 Machi

Kwanza hesabu ya jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu, kama sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Mwezi huu jua linapita utosini. Leo bado limeinama kusini kidogo. Tarehe 20 litakuwa juu ya ikweta yenyewe, halafu litavuka kwenda kaskazini, na uso wa nyumba hii hautapigwa na jua tena mpaka Septemba. Mafunzo mengi ya upigaji picha za nyumba yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako uso wa kusini hupata jua mwaka mzima. Ukiyafuata hapa utakaa uani miezi sita ukisubiri jua lililokwisha kuhama.

Na hili la sasa nalo halinifai. Huku kwetu jua linafika juu kabisa saa saba kasoro dakika saba, si saa sita. Wakati huo paa linamwaga kivuli kizito ukutani, madirisha yanageuka mashimo meusi. Kwa hiyo nimeamua picha ya uso ipigwe baada ya machweo, taa zote zikiwaka. Jua linazama saa moja kasoro dakika nne hivi, yaani baada ya Mombasa kwa karibu dakika ishirini, jambo ambalo ndugu zetu wa pwani hawaliamini mpaka waje. Lakini giza la ikweta halina subira. Unapata kama dakika kumi ambazo buluu ya anga na njano ya taa zinalingana. Ukizipoteza, rudi kesho.

Tulikuwa tayari saa kumi na mbili na nusu, mimi na binamu yangu ambaye ndiye msaidizi, mshika taa na mlinzi wa begi. Taa kumi na saba zimewaka. Kisha sami, wadudu wa ziwani, wakaja.

Ningejua. Ramadhani imeanza wikendi iliyopita, maana yake mwezi ni mchanga, na mwezi ukiwa mchanga ndipo wadudu hawa wanapotoka ziwani kwa mawingu. Nasi tumewasha kila taa, yaani tumewaandikia kadi ya mwaliko. Kila picha ya sekunde mbili imejaa michirizi kama mvua inayonyesha kwenda juu. Wengine wamejipaka kwenye lenzi. Binamu amemeza wawili. Wapo watu wa kando ya ziwa hili wanaowala kwa hiari, yeye hakuwa na hiari. Nimeihamishia picha hiyo tarehe 20, kabla mwezi mwingine haujaandama.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kupanga nyumba. Hakuna kamera, ni mikono tu.

Nina kanuni moja niliyojiwekea baada ya kuharibu kazi mbili: kinachohamishika nakiondoa, kisichohamishika nakiacha. Ndoo, waya za chaja, sabuni za kipande, kalenda (saba! tatu za mwaka mmoja), dawa za presha kando ya kitanda, yote hayo yanakwenda kwenye boksi na kurudi jioni. Ufa wa ukutani unabaki. Vigae viwili vya bafuni vyenye rangi isiyofanana na wenzake vinabaki.

Kuna vitu vya kuondoa kwa sababu nyingine. Kamera ya nyuzi 360 inaona kila upande kwa wakati mmoja, na mtazamaji anaweza kukuza picha. Vyeti vyenye majina na namba vimeshuka ukutani. Namba ya mita ya stima imefunikwa. Funguo za geti zilikuwa zimening'inia kwenye msumari jikoni, meno yote nje, mtu mwenye subira angechonga nakala. Picha za wajukuu tumezitoa pia. Ni watoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, nao wazazi wako mbali wamelala saa hizi.

Picha ya Mzee ndiyo iliyotushinda. Ni kubwa, fremu ya dhahabu, iko juu ya televisheni. Nilimweleza Mama kwamba watu asiowajua wataiona. Akasema: "Wamwone. Yeye ndiye aliyeijenga." Imebaki.

Jumamosi, 8 Machi

Picha za ndani. Nilianza saa mbili na nusu asubuhi, kabla ziwa halijaanza kutunga mawingu; kipindi hiki radi hazichelewi alasiri.

Lenzi yangu inafika milimita 16 (namba ikishuka, lenzi inapanuka) lakini leo sikushuka chini ya 20, na vyumba vingi nimevipiga kwa 24. Kadiri lenzi inavyopanuka ndivyo vilivyo karibu vinavyovimba na vilivyo mbali vinavyokimbia. Tripodi nimeiweka kimo cha kifua, mita 1.2 hivi, na jikoni juu kidogo ili meza ya zege ionekane uso wake. Kamera haitazami juu wala chini. Ukiiinamisha tu, kuta zinaanza kuegemeana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani, na mtazamaji asiyejua lolote kuhusu lenzi atahisi kuna kitu hakimkai sawa.

Kila upande picha tano, mipangilio ya kamera ISO 100 na f/8, moja ya kawaida, mbili za giza kwa ajili ya dirisha na mbili za mwanga kwa ajili ya chini ya meza. Baadaye zinaunganishwa. Kuna shule mbili kuhusu taa za chumba: wapo wanaoziwasha zote, wapo wanaozizima. Mimi nazizima mchana. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, ukuta mweupe unakuwa na ngozi ya mtu mwenye homa ya manjano upande mmoja na buluu upande wa pili, na hakuna kitufe cha kompyuta kinachoponya pande zote mbili kwa pamoja.

Saa tano stima ikapotea. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sikujali.

Jumatano, 12 Machi

Ziara yenyewe. Kamera ni ile ndogo ya Ricoh, Theta Z1, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Macho mawili mgongo kwa mgongo, kila moja linaona zaidi ya nusu ya dunia, na picha inayotoka ina pikseli 6720 kwa 3360, upana mara mbili ya kimo. Bapa inaonekana kama chapati iliyovutwa. Ukiivisha tufe ndipo inakuwa chumba.

Ugumu hauko kwenye kamera, uko kwenye miguu. Pointi, yaani mahali kamera inaposimamishwa, zikiwa mbali, mtazamaji anaruka kama jini kutoka sebuleni hadi jikoni na anapoteza mwelekeo. Zikiwa karibu mno anachoka kugusa mishale. Nimetumia hatua tatu hadi nne kati ya pointi na pointi, na pointi moja kamili katikati ya kila mlango, kwa sababu mlangoni ndipo akili ya mtu inapounganisha chumba hiki na kile. Kimo ni mita 1.5, usawa wa macho ya mtu wa kawaida. Juu zaidi ya hapo samani zinaonekana za watoto. Nilichora alama za chaki sakafuni, Mama akanitazama kama anayetazama mtoto aliyeandika ukutani.

Halafu kujificha. Kamera inaona pande zote, kwa hiyo mpigaji hana pa kusimama. Unaiweka, unatoka, unajibana nyuma ya mlango au unalala chini ya dirisha nje, unabonyeza kwa simu. Sebuleni nililazimika kulala kwenye maua ya Mama. Chumba kikuu kina kioo kirefu cha kabati. Nilijificha vizuri kabisa nyuma ya mlango, nikatoka nikijisifu, na jioni kwenye skrini nikakuta binamu ndani ya kioo, amesimama koridoni, anakula ndizi.

Pointi 18 jumla. Nje nilitamani kupiga kutoka juu, lakini Riat iko jirani na uwanja wa ndege, unaziona ndege zikiinama kutua, na kurusha droni hapa bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ni kujitafutia balaa. Nimefunga kamera kwenye mti wa kupakia rangi, mita tano na nusu, binamu akaushika chini. Paa linaonekana, uani unaonekana, ziwa linaonekana. Inatosha.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimegombana na ajenti, kwa heshima.

Alitaka mambo matatu. La kwanza, ziwa liwe buluu. Nikamwambia hii ni Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, siyo ufuo wa Diani kule pwani. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi mvua ikinyesha, na upepo ukigeuka yana zulia la gugumaji. Mtu akinunua nyumba kwa ajili ya ziwa la buluu, asubuhi yake ya kwanza kwenye roshani itakuwa ya msiba.

La pili, nguzo ya stima mbele ya roshani ifutwe. La tatu, gofu la jirani, lile lenye nondo zilizochomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka, lifunikwe na mti. "Bosi, ni dakika mbili tu kwenye programu." Kweli ni dakika mbili. Zamani ilikuwa kazi ya usiku mzima, siku hizi unachora duara tu na nguzo inayeyuka. Ndiyo maana kanuni inahitajika sasa kuliko zamani.

Tuliafikiana hivi: picha ya kwanza ya roshani nitaipiga kutoka pembe ya kushoto, ambapo nguzo haikati ziwa. Lakini nguzo haifutwi, na kwenye ziara inaonekana pale ilipo. Najua kuchagua pembe nako ni kuficha kidogo. Nimelifikiria hilo nikiosha vyombo. Tofauti ninayoiona ni kwamba mtu akisimama pale niliposimama ataona nilichokiona. Kwa leo nimeshikilia hapo.

Anga nimeliacha. Lilikuwa zuri lenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Kupandisha mtandaoni. Ipo kampuni ya Marekani, Matterport, iliyoanza 2011, ambayo kwa wengi ndiyo maana yenyewe ya ziara za namna hii. Inakujengea hata nyumba nzima kama ya mwanasesere, unaizungusha kwa kidole. Inapendeza. Lakini unalipa kwa dola kila mwezi, na siku ukiacha kulipa, nyumba inazimika. Nyumba za Kisumu zinaweza kukaa sokoni mwaka. Nimetumia Pannellum, programu huria isiyolipiwa, na tovuti yangu mwenyewe. Haina mwanasesere, ila vyumba vinafunguka.

Uzito ndio adui. Picha moja ni megabaiti nane, mara 18 ni karibu 150. Hakuna mtu atakayekula bando lake kutazama choo cha wageni. Kwa hiyo kila picha inakatwakatwa vipande vidogo vya mraba, katika ukubwa mbalimbali, na simu inaletewa vile tu ambavyo jicho linavitazama kwa wakati huo. Nimejaribu kwa simu ya binamu, ya bei ya chini, kwenye matatu kutoka Kondele: sebule ilitokea kabla konda hajadai nauli.

Ajenti nimemkataza kutuma picha zenyewe kwa WhatsApp, inazikamua hadi zinabaki makapi. Atume kiungo. (Atatuma picha. Namjua.)

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ilinyesha saa kumi, ikaacha saa kumi na mbili kasoro. Uwanja umelowa, kila taa ina pacha wake chini kwenye saruji. Mwezi umeanza kupungua tangu wiki iliyopita, sami hakuna. Saa moja na dakika tano anga likawa buluu ya wino. Picha tisa, nimechagua ya sita. Hii ndiyo itakayokwenda mbele.

Alhamisi, 27 Machi

Wiki moja hewani. Ajenti ananiambia simu zimepungua kuliko zamani, na alianza kulalamika, halafu akakumbuka kwamba kati ya watu wanne waliokuja, wawili wamerudi. Wanaopiga sasa wanajua chumba cha nne ni kidogo. Hawaulizi tena "ni kubwa kiasi gani", wanauliza maji yanatoka wapi.

Mmoja yuko Minnesota. Hajakanyaga Riat, lakini ameshaizunguka nyumba mara nyingi kuliko mimi. Ametuma jumbe za sauti sita. Anajua taa ya korido imekufa. Anajua vile vigae viwili. Ujumbe wa sita ulikuwa mfupi: "Kaka, ule mlango wa juu mwisho, mbona haufunguki?"

Ajenti akakiri wengine wawili wameuliza hilohilo. Watu wanafika mwisho wa korido, wanageuza picha, wanagusa mlango, wanagusa tena. Kwenye picha za kawaida usingeliona swali, ningeliacha nje ya fremu na hakuna ambaye angejua. Kwenye ziara, mlango uliofungwa ndio kitu kinachopiga kelele kuliko vyote.

Nimempigia Mama. Amenyamaza kidogo, akasema nije Jumatatu.

Jumatatu, 31 Machi

Ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa kwenye kikombe kabatini.

Ndani hakuna stoo. Kuna meza ya Mzee, makaratasi kwenye maboksi ya majani ya chai, miwani, redio. Dirisha linatazama vilima vya Nandi. Na kwenye dari, kona ya kulia, doa la maji la rangi ya kahawia, upana wa sinia. Mama alilitazama doa, si meza. Akasema ajenti wa kwanza, yule wa kabla ya huyu, ndiye aliyemshauri mlango ufungwe, na yeye alikuwa na sababu zake nyingine za kuufunga, basi zikakutana.

Binamu alipanda na ngazi. Gata imeziba majani, maji yanafurika na kuingia chini ya bati. Aliizibua kwa mkono. Fundi atakuja kufunga kipande kipya, lakini dari halijapakwa rangi, na nimemwomba Mama lisipakwe kwanza.

Maboksi tuliyahamishia chumba cha wageni, sita mimi, manne binamu. Meza imebaki. Mama aliichukua redio mwenyewe. Nikapiga picha tano za kawaida, doa likiwemo, halafu nikaweka Theta katikati, nikatoka, nikajibana nyuma ya mlango ule ule. Pointi 19.

Jumatano, 2 Aprili

Mshale mpya uko kwenye mlango. Mtu wa Minnesota ameingia ndani yake kabla sijamtumia ajenti taarifa. Dada yake atakuja Jumamosi na fundi wa paa. Ajenti anauliza kama doa linaweza kupunguzwa, "siyo kufutwa, kupunguzwa tu". Nimemjibu kwamba fundi ana macho.

Malipo ya nusu ya pili yameingia saa tano.

Kilichobaki ni ramani ya sakafu. Nilikiandika kile chumba "stoo" bila kukiona. Kina mita 3.4 kwa 3, dirisha na soketi mbili. Tangu Septemba tangazo limekuwa likisema vyumba vinne vya kulala.